Modeli ya plastiki na modeli ya kompyuta katika usanifu wa viwanda: tathmini ya mtumiaji

Mtu anayesanifu kiwanda cha kusafishia mafuta, cha mbolea au cha kemikali haulizwi tena kama atatumia modeli ya kompyuta. Suala hilo lilikwisha zamani, na kwa maoni yangu liliamuliwa kwa haki. Linalostahili kupimwa ni jingine: je, zana iliyoshinda imerithi kazi zote zilizokuwa zikifanywa na ile iliyowekwa kando? Nimepanga mabomba kwa kutumia zote mbili, ile ya plastiki iliyojengwa juu ya meza na ile inayokaa ndani ya seva, na jibu langu ni kwamba haikuzirithi zote. Modeli ya kompyuta hukagua kwa ustadi mkubwa kila kitu ilichoagizwa ikikague. Modeli ya plastiki ilikuwa dhaifu kwa karibu kila kipimo kinachoandikika kwa tarakimu, lakini iliwawezesha watu wasio wasanifu kuona kasoro ambayo hakuna aliyekuwa amewaza kuitafuta. Kampuni nyingi zinazonunua programu za bei kubwa hazitambui kwamba uwezo huo haumo katika kifurushi zilichonunua, na kwamba hulazimu kuujenga upya kwa utaratibu wa kazi.

Kwa kuwa wasanifu wengi wa leo hawajawahi kuigusa modeli ya plastiki, inafaa nieleze ilivyokuwa. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ile ya 1980, miradi mikubwa ya viwanda ilikuwa na vyumba vya modeli, vyenye meza zilizopangwa safu, na juu ya kila meza sehemu moja ya kiwanda iliyojengwa kwa akriliki na plastiki ngumu. Skeli iliyozoeleka kwa wanaotumia mita ilikuwa 1:33⅓, ambapo milimita 3 za modeli ni milimita 100 za kiwanda. Waliotumia futi na inchi walipenda inchi 3/8 kwa futi moja, yaani 1:32. Kwa skeli ya kwanza, ubao wenye upana wa mita 1 ulibeba eneo lenye upana wa mita 33 hivi, mnara wa mita 40 ulifika mita 1.2, bomba la inchi 6 lilikuwa na unene wa milimita 5, na binadamu wa kimo cha kawaida alikuwa kisanamu cha sentimita 5. Mabomba, viwiko, vali, flanji (sahani za kuunganishia mabomba kwa boliti) na mihimili viliuzwa vikiwa tayari katika vipimo vyake. Jina la Plastruct, ambalo leo linajulikana zaidi kwa wapenzi wa kujenga reli na majumba madogo, limetokana na biashara hiyo ya vipande vya modeli za viwanda. Mabomba yalipakwa rangi kulingana na kinachopita ndani yake, na kila moja lilibandikwa kikaratasi chenye namba yake. Hata upana wa milango ulihesabiwa, kwa sababu modeli ikikamilika ilitiwa katika makasha na kusafirishwa hadi kwenye eneo la ujenzi, ambako wasimamizi waliizunguka kabla ya kuwapangia mafundi kazi.

Kulikuwa na namna mbili za kuitumia. Baadhi ya ofisi zilichora kwanza kwenye karatasi, kisha zikajenga modeli ili kukagua michoro. Nyingine zilisanifu moja kwa moja juu ya meza: msanifu alikata bomba, akalijaribu, akalisogeza, na bomba lilipokubaliwa mchoraji alipima kwa rula na kuchora mchoro wa isometriki, yaani mchoro mmoja unaoonyesha bomba katika pande zake zote tatu. Namna hii ya pili ndiyo iliyokuwa na faida kubwa zaidi, na faida yake ilitokana na ugumu wake. Bomba la plastiki haliwezi kuning'inia hewani. Ilibidi msingi uwepo kwanza, kisha mihimili, kisha matangi na pampu, kisha mabomba makubwa na yale ya moto, na mwisho madogo, kwa hiyo swali la bomba hili litashikiliwa na nini lilijibiwa siku hiyohiyo lilipowekwa. Katika kompyuta unaweza kupitisha bomba la inchi 10 katikati ya anga, ukaendelea na shughuli nyingine kwa wiki kadhaa, na mhandisi wa mihimili asigundue kwamba anadaiwa nguzo mpaka awe amekwisha kukokotoa msingi wake.

Upande wa usahihi hauna ubishi, na plastiki haina la kujitetea. Gundi iliyokauka vibaya ikisogeza kipande kwa milimita 1, kiwandani kosa hilo ni milimita 33, na kipande cha bomba kilicholehemiwa karakanani kwa kosa la milimita 33 hakifungi flanji. Akriliki hupinda kwa joto, mirija mirefu hulegea katikati, na macho ya mchoraji anayepima kwa rula kati ya mihimili yana mpaka wake. Vifaa vilihesabiwa kwa mkono. Modeli ilikuwa moja tu, kwa hiyo wabia wa mradi waliokuwa katika miji miwili walitegemea picha na safari. Mabadiliko yalimaanisha kubomoa, na kubomoa kulimaanisha kuvunja pia kisichohusika. Mbaya zaidi, modeli haikuwa na kumbukumbu: vali ikikosekana mahali pake asubuhi, hapakuwa na njia ya kujua kama imeondolewa na mhandisi aliyebadili mchakato au imedondoshwa na mkono wa shati la mfagizi.

Modeli ya kompyuta ilishinda kwa sababu hizo, wala haikushinda kwa uzuri wa picha kama wengi wanavyodhani. PDMS, programu iliyoanzia CADCentre ya Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1970 (taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa AVEVA mwaka 2001), katika siku zake za mwanzo ilionyesha mistari mitupu ambayo mtu asiyezoea hakuweza kuitambua kuwa ni kiwanda. Nguvu yake ilikuwa katika hifadhidata. Msanifu hakuchora bomba, bali alichagua kifaa kutoka katika katalogi iliyofungwa na viwango vya mradi, akakiweka mahali penye vipimo vitatu vya nafasi. Kutoka katika data hiyohiyo programu ilitoa mchoro wa isometriki, orodha ya vifaa vya kununua, na ripoti ya migongano, kwa hiyo mchoro na orodha havikuweza kupingana. Mchakato ukidai vali ya inchi 8 badala ya inchi 6, mabadiliko yanafanywa mara moja na nyaraka zote zinafuata. Intergraph, kampuni nyingine ya programu ambayo Hexagon iliinunua mwaka 2010, iliingia sokoni kwa fikra hiyohiyo, na washindani waliofuata hawakuondoka mbali nayo. Ukiniuliza ni sehemu gani ya programu hizi inayostahili bei yake, nitakuonyesha katalogi na viwango kabla ya kukuonyesha skrini. Mradi uliojaza katalogi kwa haraka utatoa michoro mizuri ya vifaa visivyopatikana popote.

Ukaguzi wa migongano ndio unaosifiwa zaidi katika matangazo, na unastahili sifa kwa masharti. Programu hulinganisha kila kitu na kila kitu kingine, na kutaja mahali ambapo bomba limepita ndani ya mhimili au trei ya nyaya imeingia katika tangi. Hutaja pia migongano laini, yaani pale ambapo vitu havijagusana lakini kimoja kimeingia katika nafasi iliyotengwa kwa ajili ya kingine, kwa mfano unene wa kifuniko cha kuzuia joto. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kufanya hivyo kwa modeli yenye makumi ya maelfu ya vipande. Tatizo huanza na orodha yenyewe. Ripoti ya kwanza ya mradi mkubwa huwa na maelfu ya mistari, na sehemu kubwa ni upuuzi: boliti iliyogusa flanji yake, kishikio kilichogusa bomba kinacholishika. Watu huanza kuweka vichujio, na pamoja na takataka hupita samaki. Isitoshe, bomba linakaguliwa likiwa baridi. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 50 likipata joto la nyuzi 200 zaidi ya lile la siku lilipofungwa hurefuka kwa sentimita 12 hivi, na bomba lililoonekana kupishana salama na nguzo kwenye skrini linaweza kuisukuma nguzo hiyo siku kiwanda kitakapowashwa. Programu za kukokotoa mikazo zinajua mwendo huo. Modeli ya mpangilio haiujui mpaka mtu aurudishe humo kama umbo. Hapa plastiki haikuwa bora hata kidogo, kwani nayo ilikuwa baridi.

Pengo ninalolizungumzia linaonekana pale ambapo kasoro si mgongano. Chukua kibadilisha joto chenye fungu la mirija la mita 6. Ili kusafishwa, fungu hilo huvutwa lote kutoka mbele, kwa hiyo mbele yake panahitajika nafasi ya zaidi ya mita 6 pamoja na njia ya kreni. Nafasi hiyo ni hewa. Katika kompyuta, hewa ambayo haikuchorwa kama umbo na kupewa jina ni mali ya yeyote atakayefika kwanza, na mara nyingi atakayefika ni mtu wa nyaya za umeme. Ripoti ya migongano itakuwa safi kabisa. Juu ya meza, fundi wa matengenezo aliinama, akaona kichwa cha kibadilisha joto kimeelekea nguzo ya rafu ya mabomba, na kabla hajaambiwa lolote akauliza fungu litatokea wapi. Vivyo hivyo kwa kituo cha vali ya kudhibiti: vali yenyewe iko katikati, vali mbili za kufungia ziko kando, na njia ya mchepuko iko juu na vali yake ya mkono. Mwendeshaji wa mitambo alichukua kile kisanamu cha sentimita 5, akakisimamisha kwenye sakafu ya akriliki chini ya gurudumu la vali ya mchepuko, na kila mtu aliyekuwa chumbani akaona kwamba mkono hautafika. Kisha alijaribu kukipitisha kuelekea kwenye ngazi, na ikaonekana pia kwamba gurudumu la vali ya pili limejitokeza katika njia, kwenye usawa wa kifua. Hakuhitaji kujua kusoma mchoro, wala hakuhitaji ruhusa ya mtu kugeuza upande wa kutazama.

Ruhusa hiyo ndiyo kiini cha lawama yangu kwa mapitio ya kisasa. Desturi ya tasnia ni kufanya mapitio ya modeli usanifu ukifika asilimia 30, 60 na 90, na leo hufanyika mbele ya skrini kubwa kwa programu ya kutazamia kama Navisworks. Mtu mmoja ameshika kipanya. Wengine wote, wakiwemo waendeshaji na mafundi walioitwa kwa sababu wanajua kiwanda kinavyoishi, wameketi. Anayetaka kuona kitu husema, rudi nyuma kidogo, hapana, kushoto, pita chini ya hilo bomba la kijani. Na mpaka pembe ipatikane, ajenda imesogea. Nimeona mafundi hodari wakinyamaza asubuhi nzima katika vikao hivyo, kisha wakati wa chai wakatoa hoja nzito kuliko zote zilizoandikwa katika kumbukumbu. Kuzunguka meza, watu wanane walitazama pembe nane kwa wakati mmoja, na wawili kati yao wakabishana pembeni bila kumsimamisha mwenyekiti.

Kuna na suala la ukubwa. Skrini haina skeli: pampu na tangi la mafuta hujaza kioo kilekile, na anayesogea angani kwa kipanya hupita katika upenyo wa sentimita 40 asijue kwamba yeye mwenyewe asingepita. Miwani ya uhalisia pepe imetibu sehemu ya ugonjwa huu. Anayeivaa husimama kwa kimo chake na huona kwa uhakika kama gurudumu liko juu mno. Lakini huona peke yake; wenzake hutazama kwenye kioo kile anachokiona yeye, kikitikisika kwa kila anapogeuza shingo, na baadhi hupata kizunguzungu. Naipendekeza kwa kukagua majukwaa, ngazi na vali, si kwa kikao cha mradi.

Jambo jingine ambalo halitajwi sana ni kwamba modeli ya kompyuta huonekana imekamilika kabla haijakamilika. Pampu ambayo mtengenezaji wake bado hajaleta vipimo huchorwa kwa makadirio, na kwenye skrini hung'aa sawa na pampu iliyokwisha kununuliwa. Nilikofanya kazi, katika modeli ya plastiki kifaa kisicho na vipimo vya mwisho kilikuwa kibao cheupe cha mti, na hakuna aliyethubutu kufunga bomba lake la mwisho kwenye kibao. Programu zote kubwa huruhusu kila kifaa kupewa hali yake na kupakwa rangi kulingana na hali hiyo. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haiwi ya lazima, na kisicho cha lazima huachwa tarehe za mwisho zinapokaribia. Kama kuna agizo moja ningeliweka katika kila mkataba wa usanifu, ni kwamba kitu cha makadirio kionekane kuwa cha makadirio katika kila mwonekano unaopelekwa kwa mteja.

Kwa viwanda vilivyokwisha kujengwa, mashindano hayapo. Skana ya leza husimamishwa sehemu mbalimbali za kiwanda, hukusanya mamilioni ya nukta, na msanifu hupanga bomba jipya kati ya yale ya zamani kama yalivyo leo, pamoja na lile ambalo fundi alilipindisha miaka mingi iliyopita bila kuchora. Plastiki haikuwa na jibu la kazi hiyo.

Ni lazima nitenganishe hapa modeli za mpangilio na modeli za mwendo wa maji, kwa sababu wauzaji wa programu hupenda kuzichanganya wanaposema kwamba zama za modeli za kushikika zimepita. Katika mabwawa ya kuvutia maji ya pampu kubwa, modeli ya kushikika bado iko kazini, na kiwango cha ANSI/HI 9.8 cha Hydraulic Institute, chama cha watengenezaji wa pampu, kinaidai pale ambapo pampu moja inavuta zaidi ya galoni 40,000 za Marekani kwa dakika, yaani karibu mita za ujazo 2.5 kwa sekunde, au kituo kizima kinazidi galoni 100,000. Modeli hizo hupimwa kwa kanuni ya Froude, inayohusisha kasi ya maji na nguvu ya uvutano: kwa skeli ya 1:10, kasi ya maji hugawanywa kwa 3.16 na wingi wake kwa 316, kisha rangi humiminwa majini ili vizingia, yaani mizunguko ya maji inayovuta hewa kuelekea pampu, vionekane. Ukokotoaji wa mwendo wa majimaji kwa kompyuta umepiga hatua kubwa na ni mzuri wa kuchuja mapendekezo mengi kabla ya kujenga lolote, lakini kizingia cha juu ya maji kinachotokea na kutoweka bila ratiba bado ni kiumbe kigumu kukibashiri. Anayekwambia uache jaribio hilo ili kuokoa fedha haelewi gharama ya pampu inayotikisika tangu siku ya kwanza.

Wapo wanaodhani printa ya vipimo vitatu itairudisha modeli ya plastiki. Kwa kiwanda kizima sioni faida: kwa skeli ya zamani bomba la inchi 2 lina unene usiofika milimita 2, na huvunjika kabla halijatoka katika printa, hivyo mtu hulazimika kulinenepesha na kuupoteza ukweli wa nafasi aliyoitaka. Kwa eneo moja lililosongamana, kwa mfano sehemu inayozunguka kompresa, kuchapa kwa 1:20 au 1:15 na kuliweka mezani mbele ya waendeshaji kumenipa majibu mazuri kuliko kikao kirefu cha skrini.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa anayechagua ni kununua modeli ya kompyuta bila kusita, na kutenga sehemu ya fedha zilizobaki kwa mambo matatu ambayo muuzaji hatayataja: mtu wa kusimamia katalogi wa kudumu, maumbo ya nafasi za matengenezo yanayochorwa mapema pamoja na vifaa vyenyewe, na vikao vidogo ambamo mwendeshaji mmoja anakaa na msanifu mmoja na kushika kipanya mwenyewe. Kikao kikubwa kibaki kwa ajili ya maamuzi.

Suala la hifadhi nimeliacha mwisho kwa sababu hulipiwa mwisho. Modeli za plastiki huwa za manjano, gundi hukauka, na vali hudondoka moja moja, lakini hata ikiwa hivyo mtu yeyote anaweza kuisoma. Faili la mradi wa miaka 20 iliyopita linahitaji toleo la programu lililolitengeneza au lililojifunza kulifungua, leseni iliyo hai, na katalogi ambayo mara nyingi ilibaki kwa mkandarasi wa usanifu. Mwenye kiwanda ahakikishe mkataba unasema kwamba katalogi na viwango ni mali yake, na adai nakala katika mfumo usiofungwa na muuzaji mmoja, kama vile STEP, kabla hajalipa ankara ya mwisho.